Mnara wa Usiku Mmoja

Kwaya yetu iliposafiri kutoka Bariadi kwenda Dar es Salaam kurekodi nyimbo zake, tulikubaliana kwamba siku ya mwisho, kazi ikiisha, tutapanda tena basi twende Bagamoyo. Vijana walitaka kuona bahari. Wengi wao maji mengi kuliko yote waliyowahi kuyaona ni ya Ziwa Victoria pale Lamadi, na kulikuwa na ubishi mkubwa ndani ya basi kama bahari ina ng'ambo au haina. Mimi nilitaka kuona misheni. Nilisoma habari zake chuoni katika somo la historia ya kanisa, nikafanya mtihani nikafaulu, na tangu hapo nimeisimulia mimbarani mara nyingi kama mtu aliyefika. Nilikuwa sijafika.

Ninayoandika hapa ni maoni yangu juu ya mahali pale, kwa namna mtu anavyotoa maoni juu ya kitabu alichokisoma. Maana mahali pa kumbukumbu ni kama kitabu. Mtu fulani aliamua nini kiandikwe kwa herufi kubwa, nini kwa herufi ndogo, na nini kisiandikwe kabisa. Msomaji ana haki ya kuuliza.

Niseme kwanza yaliyo mema, nayo ni mengi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walitua Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Unguja, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, nao walifika mahali ambapo misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora ilikuwa inaishia. Waliwanunua watoto na watu wazima waliokuwa wanauzwa, wakawapa uhuru, wakawajengea kijiji, wakawafundisha useremala, ujenzi na kilimo. Kanisa la kwanza lilijengwa mwaka 1872. Kanisa kubwa linalotumika sasa lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Msalaba wa ukumbusho wa mahali walipotua umesimama karibu na ufuko. Yote haya mtu anayaona kwa macho yake, kwa miguu yake, kwa asubuhi moja. Majengo yanatunzwa, njia ni safi, na kuna makumbusho yenye minyororo ambayo vijana wangu waliiangalia kwa muda mrefu bila kusema neno, jambo ambalo kwa kwaya yetu si la kawaida. Sisi Walutheri tuna sehemu nyingi za zamani zenye thamani kama hiyo na hatujazitunza hata nusu ya hapo. Nawaambia ndugu zetu Wakatoliki hongera, na ninasema hivyo kwa moyo mweupe.

Halafu tukafika kwenye mnara.

Ni mabaki ya kanisa lile la kwanza, na unaitwa Mnara wa Livingstone. Kila mgeni anapiga picha hapo, na sisi tulipiga. Sababu ya jina ni kwamba tarehe 24 Februari 1874 mwili wa David Livingstone uliwekwa pale usiku mmoja kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Usiku mmoja! Livingstone hakulijenga kanisa lile, wala hakuwa Mkatoliki, na alipofika pale alikuwa maiti ya miezi tisa iliyokaushwa kwa jua. Watu waliosali ndani ya kanisa lile kila asubuhi kwa miaka mingi, waliochota mchanga na kuchoma chokaa, hawakuacha jina lao kwenye mnara. Mgeni wa usiku mmoja ndiye aliyepewa mnara.

Simwonei wivu Livingstone. Alichukia biashara ya utumwa na aliandika juu yake mpaka wakubwa wa Ulaya wakasikia. Lakini nadhani hata yeye angeshangaa, kwa sababu habari kubwa ya usiku ule ni ya watu waliombeba.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Watu wake wangeweza kumzika na kurudi makwao, na nani angewalaumu? Badala yake walikaa baraza, wakaamua kumrudisha kwa watu wake. Waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana aliyewahi kuwa mtumwa na baadaye akasomeshwa katika shule ya Nassik kule India, akasoma ibada ya maziko na kuchonga maandishi kwenye gome la mti ule. Kisha wakaufunga mwili kwa kitambaa na magome, wakaubeba mabegani. Watu kiasi cha sitini, wanaume na wanawake. Majina ya Chuma na Susi wengi tunayajua. Ya Halima mpishi na Ntaoeka mke wa Chuma, je? Walitembea zaidi ya kilomita 1,500. Wengine walikufa njiani. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na Wazungu waliokuwa wanamtafuta Livingstone, nao wakawashauri wauzike mwili hapo hapo. Wakakataa. Wakaendelea mpaka baharini.

Mchungaji yeyote akiisikia habari hii anaikumbuka mifupa ya Yusufu. Yusufu aliwaapisha ndugu zake kwamba Mungu atakapowatoa Misri wasiiache mifupa yake, Musa akaibeba, na mwishoni kabisa mwa kitabu cha Yoshua, mifupa ile inazikwa Shekemu. Biblia haikutaja jina la mtu hata mmoja aliyelibeba jeneza lile jangwani kwa miaka arobaini. Nimehubiri juu ya kifungu kile mara mbili au tatu na sikuwahi kuliona pengo hilo. Nililiona Bagamoyo, nikiwa nimesimama juani chini ya mnara, huku mtu wa sauti ya nne akilalamika kwamba ana njaa.

Jambo la jina linaenda mbali zaidi ya kibao cha mnara. Huyo Jacob Wainwright ndiye Mwafrika aliyesafiri na mwili mpaka Uingereza na kusimama kati ya wabebaji wa jeneza pale Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi hawakuitwa kwa wakati. Walifika Uingereza baada ya maziko, kwa nauli iliyolipwa na rafiki wa marehemu. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886 akaitwa David, naye akafariki mwaka 1891. Wainwright mwenyewe aliishia Urambo, kwenye misheni ya London Missionary Society, akafia huko mwaka 1892. Kutoka kwetu Bariadi, Urambo si mbali sana kama Chitambo.

Lakini tazama jina lenyewe. Jacob Wainwright si jina alilopewa na mama yake. Alizaliwa kwa watu wa Uyao, akakamatwa akiwa mtoto, akaokolewa na meli ya Waingereza, na shule ikampa jina la Biblia na la ukoo wa Kiingereza. Hata watu waliokombolewa Bagamoyo walipewa majina ya watakatifu siku ya ubatizo. Sikatai kwamba lilikuwa jina la uhuru. Mtu aliyeuzwa sokoni anapoitwa Maria au Yosefu mbele ya madhabahu, anaambiwa kwamba yeye ni mtu wa Mungu na si mali ya mtu. Hilo ni Injili. Lakini siku hiyo hiyo kamba iliyomfunga na mama yake ilikatwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikatwa na mwenye bunduki. Mara ya pili tuliikata sisi, kwa maji na kwa nia njema.

Nyuma ya hayo yote kuna makaburi ya wamisionari. Ninakiri kwamba pale niliguswa kuliko mahali pengine popote. Wengi walikufa vijana, wengine muda mfupi tu baada ya kushuka melini. Homa haikumwuliza mtu kama ni padre au sista. Walijua kwamba waliotangulia walikufa, na bado walikuja. Mtu anayesema wamisionari wote walikuja kutafuta mali aende akasimame hapo kidogo, kisha aseme tena.

Mwanakwaya mmoja, binti anayefundisha shule ya msingi, alikuwa anatembea kati ya mistari akisoma. Akanigeukia akasema, "Baba Mchungaji, na wale waliokombolewa wamezikwa wapi?"

Nilijibu kitu. Sikumbuki nilisema nini, ila nakumbuka kwamba halikuwa jibu. Mtu anaweza kusema kwamba desturi ya wakati ule ilikuwa hiyo, kwamba jiwe la kaburi lilikuwa ghali, kwamba mti unaoza na mchwa hawana dini. Yote ni kweli. Ila jicho la mgeni linafundishwa na kinachoonekana. Mtoto akizunguka Bagamoyo nzima atatoka na hesabu kwamba Ukristo ulikuja na watu wenye mawe, ukapelekwa kwa watu wasio na mawe. Hiyo si historia ya kanisa la Afrika Mashariki, au ni nusu yake tu. Waliobeba habari njema kutoka kijiji hadi kijiji walikuwa watu wa kwetu: makatekista, wainjilisti, wake zao, na wale waliokombolewa ambao walipelekwa bara pamoja na mapadre kuanzisha misheni mpya.

Sasa, Mlutheri mwenzangu aliyesoma Katekisimu vizuri ataniuliza: mambo ya mifupa yametuhusu tangu lini? Swali hilo ni la haki. Matengenezo ya Kanisa yalianzia katika mji ambao mtawala wake, Frederick wa Saksonia, alikuwa amekusanya masalia ya watakatifu. Kufikia mwaka 1520 vilihesabiwa vipande karibu 19,000 katika kanisa la ngome ya Wittenberg. Watu walilipa ili kuviona na kupunguziwa adhabu ya toharani. Luther alipinga, na sisi ni watoto wa upinzani huo. Naye Yesu mwenyewe aliwakemea waandishi na Mafarisayo waliokuwa wanajenga makaburi ya manabii na kuyapamba, huku wakiwa na roho ile ile ya baba zao waliowaua manabii hao. Kwa hiyo mchungaji akianza kusifu makaburi, washarika wana haki ya kukohoa kidogo.

Lakini Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo sisi wachungaji tuliapa kwalo siku ya kubarikiwa kwetu, halikufuta kumbukumbu ya watakatifu. Ibara ya 21 inasema hatuwaombi, maana mwombezi ni mmoja, Kristo. Wakati huo huo inasema ni vyema wakumbukwe, ili imani yetu iimarishwe tunapoona jinsi walivyopata neema na jinsi walivyosaidiwa na imani, na ili tuige matendo mema yao, kila mtu katika wito wake. Basi tufikiri: huwezi kumuiga mtu usiyemjua. Mkulima wa pamba wa Itilima ataigaje imani ya mtu ambaye kaburi lake tumelilima? Tulichokataa ni kuyaabudu masalia. Katika kukataa tukazoea kutojali, na tukakuita kutojali kwetu Ulutheri.

Kuna sehemu za bara letu ambako hatari ilikuwa kinyume chake, mawe yakabaki na watu wakaondoka. Nubia, kaskazini mwa Sudan ya leo, ilipokea Ukristo katika karne ya 6, miaka elfu moja na zaidi kabla ya Padre Horner. Walikuwa na wafalme Wakristo, maaskofu, makanisa makubwa. Kufikia karne ya 15 kanisa lile lilikuwa limekwisha kufifia. Mchanga ukafunika kila kitu. Bwawa la Aswan lilipokuwa linajengwa na maji ya ziwa yanakaribia kuimeza nchi ile, wataalamu kutoka Poland wakiongozwa na Profesa Kazimierz Michałowski walichimba Faras kati ya 1961 na 1964, wakakuta kanisa kuu limejaa mchanga, na kutani mwake picha zaidi ya 120 bado zina rangi. Walizibandua, nyingine ziko Khartoum, nyingine Warsaw. Karibu na hapo walikuta makaburi ya maaskofu. Tena katika ukuta mmoja kulikuwa na orodha ya maaskofu wa Faras, jina kwa jina, mmoja baada ya mwingine, iliyoandikwa na Wakristo wa pale wenyewe.

Orodha hiyo imenikaa moyoni kuliko picha. Hakuna mtu anayeabudu Faras leo, maji yamepafunika, lakini majina yapo. Sisi huku tuna maelfu ya waabuduo kila Jumapili, tuna vipaza sauti ambavyo vinasikika mpaka ng'ambo ya mto, na ukimwuliza mzee wa kanisa jina la mwinjilisti wa kwanza wa mtaa wake, anakutazama.

Na tusijidanganye kwamba mambo haya ni ya pwani au ya Nubia tu, kwamba Usukumani hakuna cha zamani. Ukitoka Bariadi ukafika Lamadi, ukashika kushoto kuelekea Mwanza, utapita Nassa, wilayani Busega, ndani ya mkoa wetu huu wa Simiyu. Watu wanapajua kwa ginneri ya pamba. Wachache wanajua kwamba Church Missionary Society, Waanglikana, walikuwa na kituo pale tangu mwishoni mwa karne ya 19, wakati Serikali ya Wajerumani ilikuwa haijaanza hata kukusanya kodi huku. Mwaka 1909 walikikabidhi kwa Africa Inland Mission, na kwa ndugu zetu wa AIC Tanzania mwaka huo ndio mwanzo wa hesabu yao. Kabla ya Nassa, Waanglikana hao walikuwa Usambiro, kusini mwa ziwa. Huko ndiko alikofia Askofu Henry Parker mwaka 1888, na Alexander Mackay, mhandisi yule wa Uganda, tarehe 8 Februari 1890. Mifupa ya Mackay ilichukuliwa mwaka 1927 ikapelekwa Namirembe, Kampala. Waganda walikuja kumchukua mtu wao. Wakatoliki nao walikuwa wamefika Bukumbi tangu 1883. Sisi Walutheri ndio tuliochelewa kufika Usukumani, tukakuta wengine wameshapanda, na pengine ndiyo sababu tunadhani hatuna cha kukumbuka.

Nimepita Nassa mara nyingi kwenda mikutano Mwanza. Sikuwahi kumwambia dereva asimame. Nilisafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwenda kuona mnara wa usiku mmoja, na mahali ambapo Msukuma alianza kusomewa Injili kwa lugha yake nilipapita kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa. Agano Jipya la Kisukuma lilitoka mwaka 1925, Biblia nzima mwaka 1960. Bibi zetu wengi walijifunza kusoma kwa ajili ya kitabu hicho.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kwetu, kwa kuwa linabadilisha hesabu nzima ya mawe na majina. Msukuma wa zamani hakuweka jiwe lenye maandishi. Alimzika mzee wake nyumbani, kwenye mji wake, na ng'ombe walipokosa malisho alihama. Tangu lini Msukuma akakaa mahali pamoja? Leo wako Rukwa, Katavi, Morogoro, Lindi, na makaburi ya babu zao yamebaki Meatu na Maswa katika mashamba ya watu wengine. Hawakuwa wasahaulifu kwa sababu hiyo. Kumbukumbu waliiweka mahali panapohama pamoja nao, yaani kwa mtoto. Babu alikufa, mjukuu akapewa jina lake, na aliitwa kwa heshima ya babu. Mtoto huyo ndiye jiwe.

Kisha tukaja na ubatizo, nasi tukasema jina hilo ni la kishenzi, na mara nyingine tukasema linaita masamva, mizimu ya ukoo. Tukaandika kwenye kitabu cha usharika Yohana, Elizabeti, Filipo. Wakati mwingine jina la nyumbani liliandikwa pembeni kwa penseli. Mara nyingi halikuandikwa. Ninaelewa woga uliokuwepo, na si wote ulikuwa wa bure: watu walifanya matambiko kweli, na mtu aliyemwamini Kristo hapaswi kuishi kwa hofu ya marehemu. Lakini matokeo yake yaangalieni. Tuliwanyang'anya watu namna yao ya kuweka kumbukumbu, na ile ya kwetu, ya jiwe na maandishi, hatukuwapa. Wamisionari walijiwekea mawe. Msukuma Mkristo wa kizazi cha kwanza alibaki katikati: hana mjukuu mwenye jina lake, na hana jiwe.

Katika ubatizo tangu nirudi Bagamoyo ninawauliza wazazi jina la nyumbani na nani alikuwa nalo kabla, na ninaliandika kitabuni kwa kalamu ya wino. Mzee mmoja wa kanisa amenionya kwamba ninafungua mlango. Tumebishana, na tutaendelea kubishana, kwani naye ana hoja: katika ukoo wake waliwahi kumfuata mganga kwa sababu ya jina. Sijamshinda, wala yeye hajanishinda.

Nimelifikisha jambo hili hapa kwa sababu lipo lingine ambalo siwezi kulizunguka. Katika usharika ninaoutumikia tunajenga kanisa jipya. La zamani ni la matofali ya kuchoma, dogo, bati limetoboka, na mvua ikinyesha tunahamisha benchi. Hakuna anayekataa kwamba tunahitaji kubwa zaidi. Nyuma yake kuna makaburi ya waliolianzisha. Mengine yalikuwa na misalaba ya mti, mengine yana mawe ya kuzungushia tu, mengine ni vichuguu ambavyo ukipita haraka unadhani ni vya mchwa. Kamati ya ujenzi ilipendekeza kulisawazisha eneo lote ili tupate mahali pa kuegesha magari na pa kujenga ukumbi. Mkutano ulikuwa mrefu, watu walikuwa wamechoka. Muhtasari uliandikwa kwamba kiwanja "hakina vizuizi." Nilitia saini mimi mwenyewe, mwezi mmoja kabla ya safari ya Bagamoyo. Basi, wakati nilipokuwa nimesimama chini ya ule mnara nikiwahukumu watu wa 1874 kwa kusahau majina, karatasi yangu ilikuwa kwenye faili nyumbani.

Niliporudi niliomba jambo lirudishwe kwenye Baraza la Wazee. Baadhi walikasirika, na wana haki, kwa sababu washarika wameshachangia magunia ya saruji, na mhandisi ameshapima. Mmoja aliniuliza kwa upole, mbele ya wengine, kama ninataka kanisa liwe makumbusho. Nikamjibu kwamba kaburi la Makpela lilikuwa kipande cha kwanza cha nchi ya ahadi ambacho Ibrahimu alikimiliki, na kwamba alikinunua kwa fedha, kwa mashahidi, akakataa kupewa bure. Akasema Ibrahimu hakuwa na tatizo la maegesho. Watu walicheka, mimi pia nilicheka, na kikao kikawa rahisi zaidi baada ya hapo.

Tulichokubaliana kwa sasa ni kidogo. Kabla ya trekta kuingia, yahesabiwe makaburi na yatafutwe majina. Kazi hiyo tulimpa yule binti mwalimu wa kwaya, kwa kuwa swali lilikuwa lake. Alimchukua bibi mmoja aliyezidi miaka themanini, aliyebatizwa katika kanisa lile la matofali akiwa msichana, wakatembea pale asubuhi mbili. Bibi alikuwa anasimama penye kila kaburi, anafikiri, anataja jina la ubatizo, kisha anasema, "Lakini nyumbani alikuwa anaitwa…" na binti anaandika yote mawili. Walihesabu makaburi kumi na manne. Kumi yamepata majina. Siyachapi hapa kwa kuwa familia nyingine bado hazijapatikana. Mbili zimehamia Kilombero, na tumetuma salamu kwa watu wanaokwenda na kurudi. Mawili ni ya watoto wachanga, na bibi anawajua mama zao. Moja ni la mwinjilisti wa kwanza, ambaye wengi tulidhani alizikwa kwao Bukoba. Moja bibi alisema ni la mgeni aliyefika akiwa mgonjwa wakati wa njaa, akalala kanisani siku nne, akafa kabla ya mtu kumwuliza jina. Walimzika wao.

Mhandisi ameombwa achore upya upande wa mashariki. Amesema ukumbi unaweza kusogea mita sita, na kwamba gharama itaongezeka. Baraza litakutana tena baada ya mauzo ya pamba.